Nisimame Nyuma ya Mwalimu Yupi

Khoo. Kimya. Khoo, khoo. Kikohozi kama mbwa anayebweka ndani ya debe, usiku wa manane, na kilikuwa kinatoka kifuani kwa mwanangu Mbonea, mtoto wa miezi tisa. Sogeeni karibu nyote, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu nitasema haraka haraka. Nikisema taratibu nitaogopa, na nikiogopa nitaacha katikati.

Niliruka kitandani. Baba yao alikuwa amelala shambani kulinda tangawizi tuliyokwisha kuing'oa, nyumbani tulikuwa mimi, Mbonea, na dada yake Nakijwa, miaka minane, darasa la pili. Dawa ya kifua naijua ilipo, juu ya kabati, chupa ya kahawia, kifuniko cheupe, naijua kwa mkono hata nikiwa usingizini. Nikapapasa, nikaipata, nikawasha kibatari, nikamweka mtoto mapajani, nikamimina kijiko kikajaa. Harufu? Nyumba nzima ilikuwa inanuka tangawizi na mafuta ya taa, ningesikia harufu gani mimi?

Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake la kulalia. Akainua mkono juu, ukanyooka, kama yuko darasani.

"Mama, naomba kusahihisha."

"Nyamaza! Njoo ushike kibatari."

"Mama, naomba kusahihisha. Hapo pameandikwa sumu."

Nikageuza chupa. Kipande cha plasta, na mwandiko wa mume wangu, herufi nne kubwa. SUMU. Huku kwetu milimani mtu akiishiwa dawa ya wadudu huenda kwa jirani kuomba kipimo, na huenda na chupa yoyote anayoiona. Baba Nakijwa aliona chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Akajaziwa, akaandika plasta, akaiweka juu kabisa ya kabati watoto wasiifikie. Na dawa ya mtoto nilikuwa nimeiweka juu kabisa ya kabati, watoto wasiifikie.

Kijiko kilinidondoka. Nilimbeba Mbonea mgongoni, Nakijwa nikamshika mkono, tukashuka mpaka zahanati, muuguzi akamhudumia, asubuhi akawa ananyonya na kunivuta nywele. Amepona, yuko hapa mapajani, mnamwona. Lakini ninyi fikirini. Mimi nilifika kidato cha nne. Kusoma najua. Sikusoma. Aliyesoma ni mtoto wa darasa la pili, na aliyemfundisha kusoma ndiye aliyenirudishia mwanangu. Hapo ndipo mkasa wenyewe unapoanzia, kwa sababu waliomfundisha ni watatu, na zawadi ni moja.

Niwataje. Shule yetu ya Kwempasi ina walimu saba, lakini hawa watatu kila mmoja ana kipaji chake. Mwalimu Nambike ana kipaji cha kuleta: hakuna mtoto aliyefichwa shambani au jikoni ambaye Nambike hatampata. Mwalimu Kitojo ana kipaji cha kusomesha: herufi iliyokataa kuingia kwa miaka, kwake itaingia. Mwalimu Mruma kipaji chake hakina hata jina. Anamfanya mtoto aseme. Mtoto anayejua na kuogopa, Mruma anamtoa sauti.

Sasa sikilizeni walivyofanya, mmoja mmoja.

Mwalimu Nambike ndiye mwalimu wa darasa. Huyu nimesoma naye, dawati moja, kuanzia kidato cha kwanza. Hesabu alikuwa ananakili kwangu, na hilo nalisema mbele za watu, alikuwa ananakili. Yeye akaenda chuo cha ualimu, mimi nikapata mimba ya Nakijwa. Basi Mbonea alipozaliwa na tangawizi ikakomaa, nilimwacha Nakijwa nyumbani amlee mdogo wake, siku ya kwanza, ya pili, wiki ya tatu. Nambike akaja na daftari la mahudhurio kwapani, akaniita kwa jina langu la shuleni.

"Namsifu, mtoto yuko wapi?"

"Anaumwa."

"Anaumwa na anafua nepi? Namwona pale."

Nikamfukuza. Akaja tena. Nikamwambia yeye hana mtoto, hajui kulea. Akaondoka. Siku ya tatu alikuja saa moja asubuhi, akamnyanyua Mbonea kutoka mgongoni kwa Nakijwa, akajifunga mwenyewe kwa kanga, akamshika Nakijwa mkono. "Mimi na wewe tulikaa dawati moja," akaniambia. "Huyu unataka akae wapi?" Akaondoka nao wote wawili. Miezi minne Mbonea alilala ofisi ya walimu, ndani ya boksi la karatasi za mitihani, na Nambike alikuwa anapita nyumba hata nyumba kukusanya watoto wa wengine kabla ya kufika kwangu. Matokeo yake akawa anaingia kazini amechelewa. Mdhibiti ubora wa shule alipokuja kuwakagua, aliandika: mwalimu huyu huchelewa, na huleta mtoto mchanga kazini.

Mwalimu Kitojo ni mtu mzima, ana watoto watano, hacheki. Anafundisha Kiswahili. Nakijwa alipofika kwake alikuwa hasomi, alikuwa anakariri. Ukimfungulia ukurasa wenye picha ya ng'ombe anasema "ng'ombe", ukiziba picha anakutazama. Kitojo akatutumia barua wazazi, kila nyumba ilete makopo, maboksi na pakiti tupu, chochote chenye maandishi. Tukacheka. Tukamwita mwalimu wa jalala. Darasani akatundika pakiti za chumvi, za sabuni, za majani ya chai, akawakataza kabisa kutazama picha. Nakijwa akabakishwa kila siku baada ya masomo, anachora herufi kwa kidole kwenye sinia la majivu, anafuta, anachora. S. U. M. Muhula mzima. Kitojo alikuwa anawaambia, "Kila chenye maandishi kinasema. Kisikilize kabla hujakitia mdomoni."

Siku Nakijwa alipokuja nyumbani akaokota boksi la kiberiti, akasoma lote mpaka maneno madogo ya chini, alikimbia kwenda kumweleza nani? Si mimi niliyekuwa nimesimama pale pale. Alikimbia kurudi shuleni, Mwalimu Kitojo asije akawa ameshaondoka. Kitojo alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu, na mwanangu alikuja nacho hicho kichwa mpaka usiku: "Mama, Mwalimu ametikisa kichwa." Mdhibiti ubora aliandika: mwalimu huyu yuko nyuma ya mtaala kurasa ishirini na nane, darasa lake ni chafu.

Mwalimu Mruma anafundisha Hesabu. Anapanda kutoka bondeni, saa nzima kwa miguu, na akifika anaanza kukosea. Makusudi. Anaandika ubaoni saba jumlisha tano ni kumi na tatu. Anaandika tarehe ya jana. Mtoto akiona kosa anainua mkono, anasema, "Mwalimu, naomba kusahihisha," na akiwa sahihi ndiye anayekwenda kupiga kengele ya mapumziko. Watoto wanaikimbilia kengele ile kama sikukuu.

Nakijwa hakuwa anainua mkono. Siku moja Mruma anasahihisha madaftari, akageuza la Nakijwa ukurasa wa nyuma kabisa, akakuta makosa yake yote ya mwezi mzima yameandikwa kwa mwandiko mdogo mdogo, na matatu kati ya hayo hakukosea makusudi. Akaja ofisini akiwaambia wenzake, "Jamani, kuna mtu ananijua kuliko mke wangu."

Kesho yake, siku ya Jumatano, akaandika ubaoni: Leo ni Jumanne. Akakaa. Watoto kumi wakainua mikono, akawaambia shusheni. Muda wa mapumziko ukafika, ukapita. Wenzake wanamnong'oneza Nakijwa, sema basi, tuna njaa. Mruma akasema, "Mimi sina haraka, mimi kwangu bado ni Jumanne." Ndipo mwanangu akasimama, akasema, "Mwalimu, naomba kusahihisha." Aliipiga kengele ile mpaka mwalimu mkuu akatoka nje kuuliza kama shule inaungua.

Mimi niliuchukia mchezo ule. Mtoto alianza kunisahihisha nyumbani, akamsahihisha bibi yake mbele ya wageni, kwamba amehesabu vikombe vibaya, nikampiga kofi. Nikampa na maneno ya kumpelekea mwalimu wake. Siku ya kibatari, mtoto aliyepigwa kofi kwa kusahihisha wakubwa aliinua mkono, akaomba kusahihisha mara mbili. Mdhibiti ubora aliandika: mwalimu huyu hana umahiri wa somo, ubao wake umejaa makosa.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya mdhibiti ubora wote watatu walipata alama sawa, tena za chini. Aliyepata za juu ni mwalimu mwingine, simtaji, maandalio yake ya somo yamepigwa mstari kwa rula na kalamu nyekundu, na mchana kutwa yuko dukani anacheza bao.

Habari ya chupa ikasambaa. Kisimani wakaniimba: mama wa kidato cha nne, mwanawe wa darasa la pili. Ikamfikia Bi Nakundwa, mwenyekiti wa kamati ya shule, mfanyabiashara wa tangawizi, sauti yake haihitaji spika. Sasa kulikuwa na nyumba ya mwalimu tuliyoijenga kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila kaya ilileta mawe na kubeba bati kutoka barabarani, vyumba viwili, bomba la maji uani. Kila mwalimu alikuwa anaitazama akipita. Bi Nakundwa akasimama mbele ya mkutano wa wazazi.

"Nyumba hii," akasema, "ni ya mwalimu aliyemfundisha mtoto yule kusoma ile sumu. Nani?"

Nambike, Kitojo, Mruma, mikono mitatu ikapanda.

"Mmoja! Nimesema mwalimu, sikusema walimu."

Mikono haikushuka.

"Wapeni wote," akasema mzazi mmoja.

"Vyumba viwili, mlango mmoja," akajibu Bi Nakundwa. "Kitojo na mke na watoto watano chumba hiki, Mruma na mkewe chumba kile. Nambike unamtundika wapi, darini?"

Watu wakacheka. Nambike hakucheka.

"Basi asipewe mtu," akasema mwingine. "Kazi ni kazi, mshahara wanao."

"Na nyie tangawizi mnalima bure?" Bi Nakundwa akamgeukia. "Mwaka jana tulisema tuwashukuru wote kwa pamoja, mkachinja mbuzi. Walimu saba wakala. Yule wa dukani alikula paja. Muhula uliofuata nani alijituma? Wakaambiana, ukifanya nyama, usipofanya nyama. Mwaka huu atashukuriwa aliyefanya. Wiki mbili, halafu tutapiga kura kwa kupanga mstari."

Ningejua wiki mbili zile zitafanya nini, ningepiga kelele pale pale.

Nambike aliacha kupitia nyumba za upande wa mtoni. Ukimuuliza anasema, "Naleta watoto asubuhi, mchana wanakuwa wa Kitojo. Akawalete mwenyewe." Kitojo alibandua pakiti zake ukutani, zote, akazikunja, akazitia kwenye begi na kuondoka nazo kila jioni, kwa sababu alisikia Mruma amewaambia watoto wasome moja kwenye kipindi cha Hesabu. Mruma naye, yule wa kuchekesha, akawatuma watoto wakasahihishe ubao wa Kitojo, na Kitojo hakuwa amekosea makusudi. Watoto walimwinulia mikono mzee wa watu darasa zima. Akatoka nje akasimama peke yake kwenye mlingoti wa bendera mpaka kipindi kikaisha.

Ofisini chai ikawa kila mtu na chupa yake. Zamani Nambike ndiye aliyekuwa anamwambia Kitojo, huyu wangu bado hajui herufi, mbakishe. Kitojo ndiye aliyekuwa anamwambia Mruma, huyu anajua lakini hasemi, mwamshe. Sasa wanapitana mlangoni kama watu waliogombania mpaka wa shamba.

Na mimi, niseme ukweli, wivu wangu haukuwa mdogo kuliko wao. Nilikuwa naona yule Nambike aliyenakili hesabu zangu akitembea na daftari lake kama bibi harusi, roho inaniuma. Namwona Kitojo, namkumbuka mwanangu alivyonikimbia na boksi la kiberiti. Namwona Mruma, namkumbuka mtoto aliyekuwa wangu na mtulivu. Mama mkwe akaniuliza, "Na aliyemzaa anapewa nini?" Nikajibu, "Mama, nyamaza." Lakini moyoni nilikuwa nimeshajiuliza kabla yake.

Siku ya mstari ikafika, jana Jumamosi, uwanja wa shule. Walimu watatu wakasimamishwa mbele, hatua kumi kati yao, na wazazi wakaambiwa kila mtu akasimame nyuma ya mwalimu anayeona anastahili. Mnaujua mstari ulivyo. Hakuna siri. Unamwona jirani yako yuko wapi, na yeye anakuona, na mwalimu anageuza shingo anahesabu ni nani amemkosa.

"Shemeji, unakwenda wapi huko?" mtu anamwita mwenzake. "Mtoto wako alikuwa hajui hata a, nani kamfundisha?"

"Angefundishwaje akiwa anachunga mbuzi? Nambike ndiye aliyemtoa machungani!"

"Nyie endeleeni. Sisi huku kwa Mruma watoto wetu wanaongea."

"Wanaongea mno! Wangu kaniambia nimevaa viatu tofauti, kanisani!"

Bi Nakundwa akahesabu kwa kugusa vichwa. Nyuma ya Nambike, thelathini na mmoja. Nyuma ya Kitojo, thelathini na mmoja. Akafika kwa Mruma, akahesabu, akarudia kuhesabu. Thelathini na mmoja. Halafu akainua macho, na watu wote wakafuata macho yake, na mwisho wa macho nilikuwa mimi, nimesimama peke yangu chini ya dirisha la ofisi na Mbonea mgongoni.

"Wewe Mama Nakijwa, mbona umesimama kama nguzo?"

Nikakaza kanga ya Mbonea.

"Kura iliyobaki ni yako. Tena inafaa iwe yako. Tembea, mama, tumalize, jua linapanda."

Nilipiga hatua moja. Nambike akanitazama. Hatua ya pili, Kitojo akaangalia chini. Mtu akasema kwa nguvu, "Atamwendea shoga yake!" Mwingine akasema, "Hamwendei, anamwonea wivu tangu sekondari!" Wakacheka. Nikasimama pale pale.

"Muulizeni mtoto mwenyewe!" akapaza sauti mzazi mmoja. "Si ndiye aliyefundishwa?"

Wakamsukuma Nakijwa mbele. Bi Nakundwa akainama. "Binti, kati ya hawa nani alikufundisha kusoma ile chupa?"

Nakijwa akamtazama Nambike, akamtazama Kitojo, akamtazama Mruma, na wote watatu walikuwa wamemkazia macho. Mdomo ulifunguka. Akaja kujificha kwenye kanga yangu. Tangu saa ile mwanangu hajainua mkono, hata nyumbani. Leo asubuhi nimemwekea chumvi kwenye chai badala ya sukari. Alikunywa. Alikunywa yote, akaniangalia, akaosha kikombe.

Mbonea akaanza kulia, Bi Nakundwa akanihurumia. "Jumatatu asubuhi," akasema. "Mistari itapangwa vile vile, na wewe utakwenda unakokwenda. Nyumba haitalala tupu wiki nyingine."

Leo Jumapili wakaja kwangu, kila mtu kwa saa yake.

Nambike alikuja wa kwanza, hakukaa. "Namsifu, sikuombi kwa urafiki, nakuomba kwa haki. Asingekuja shule, Kitojo angemfundisha nani? Nyumbani kwako angejifunza nini, kufua nepi? Mlango niliufungua mimi. Mwanao alilala kwenye boksi langu miezi minne, nikaandikiwa vibaya kwa ajili yake. Fomu ya uhamisho iko kwenye pochi. Nikionekana bure, naijaza."

Kitojo alikuja baada ya ibada, akakaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi. "Mama Nakijwa, watoto wanaokuja shule ni wengi, na wanaotoka bila kusoma ni wengi. Kuja si kusoma. Na kusema, kasuku pia anasema. Kilichokuwa kwenye ile plasta ni herufi, na herufi nilizitia mimi, moja moja, kwenye majivu. Miaka ishirini na sita nafundisha, sijawahi kupewa hata kalamu. Mwaka huu nikipitwa, nafundisha kama yule wa dukani. Nitapiga mistari kwa rula."

Mruma alikuja jioni, viatu vina tope la bondeni. "Mama Nakijwa, wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Niambie. Angekuja shule, angejua kusoma, angeisoma ile sumu kimoyomoyo, halafu angeogopa kofi. Ingekuwaje?" Nikageukia kabati. "Wewe ulimwambia nyamaza," akasema, bila kuniudhi. "Nani alimwambia asinyamaze?" Akasimama. "Sitasema nahama. Ila kupanda mlima ule kuja kukosea mbele ya watu, na kuandikwa mjinga, kunahitaji mtu aone faida yake."

Walipoondoka wote nilikaa na mtoto mapajani, nikavuta kila mmoja pembeni kichwani mwangu. Nikimtoa Nambike, Nakijwa yuko nyumbani, hajui hata moja, na Mbonea amekunywa. Nikimtoa Kitojo, Nakijwa anaona plasta yenye mikwaruzo, na Mbonea amekunywa. Nikimtoa Mruma, Nakijwa anajua, ananyamaza, na Mbonea amekunywa. Kila nikimtoa mmoja, mwanangu anakufa. Sasa nitampaje mmoja?

Nikienda kwa Nambike, watasema urafiki, na wale wawili nimewapoteza, na Nakijwa ana miaka mitano mbele yake shuleni pale, na Mbonea naye anakuja. Nisipokwenda kwake, watasema wivu, na mimi mwenyewe sitajua kama wamekosea. Nikienda kwa Kitojo, nimesema herufi ni kila kitu, na watoto wa mtoni watabaki mtoni. Nikienda kwa Mruma, mzee wa watu atapiga mistari kwa rula mpaka astaafu. Nikisimama pale pale bila kwenda kokote, nyumba itafungwa, watatu wote wataniona mimi ndiye niliyekunja mkono, na walimu wengine wataambiana, umeona? Ukifanya, usipofanya.

Nilimwamsha baba yao nikamuuliza. Akasema, "Mimi ndiye niliyeandika sumu, nisingeandika angesoma nini? Nipeni mimi." Akageukia ukutani, akakoroma.

Kesho ndiyo Jumatatu. Mistari itapangwa, thelathini na mmoja, thelathini na mmoja, thelathini na mmoja, na mimi nitatoka chini ya dirisha na Mbonea mgongoni, na Nakijwa atakuwa ananiangalia ninakokwenda. Ninyi mmewasikia wote watatu, hamna mtoto pale, hakuna atakayewakunjia uso kisimani. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyeegemea mlango, na wewe mdogo uliyeacha kula: miguu ingekuwa yako, ingesimama nyuma ya nani? Na wale wawili ungewaambia nini ili kesho kutwa waamke tena mapema? Njoo, ninong'oneze sikioni. Nitakwenda utakakoniambia, na jina lako sitalitaja kwa mtu mwingine yeyote.